Mchezaji Mwenye Mabawa

Mwanangu, ningepewa nafasi ya kurudia alasiri moja tu ya maisha yangu, ningerudia ile ambayo Hamisi alikuja kibarazani kwangu Ujiji, akakaa, akaniomba nimshushe Jeneroza chini, nami nikamjibu, "Sawa, nitamshusha." Nilipaswa kukataa. Nakuandikia kwa sababu nimesikia unaanzisha meza yako ya mchezo wa kusimulia kule Simbo, na mchezaji wako mmoja ameomba mhusika anayeruka.

Wazee wengi tunapenda kusimulia makosa ya ujana, maana hayo husameheka upesi. Ujana wangu katika mchezo huu ulikuwa mzuri. Niliufundishwa nikiwa sekondari na mwalimu wa hesabu aliyekuja kujitolea kutoka ng'ambo, na alipoondoka akaniachia dadu zake, hata ile yenye nyuso ishirini ambayo wenzangu walidhani ni ya mganga. Kosa langu nililifanya nikiwa na mvi kichwani, kwa hiyo sina cha kusingizia.

Wewe mchezo unaujua, lakini huenda barua hii ikasomwa na mama yako, basi nimweleze. Mmoja mezani ni msimulizi: anaeleza pango, mto, jitu lililolala njiani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, unarusha dadu. Hakuna ubao wala mshindi. Kuna hadithi tu, ambayo hakuna hata mmoja wenu anayejua itaishia wapi.

Meza yetu, ambayo kwa kweli ilikuwa mkeka, ilikaa siku za mbalamwezi, saa za mchana, kwa sababu Hamisi na wenzake wawili ni wavuvi wa dagaa, na mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazifai kitu ziwani. Kwa hiyo siku za kucheza zilikuwa chache. Ukimharibia mtu siku hizo, amekaa bure mpaka mwezi mwingine.

Jeneroza alikuwa fundi cherehani pale Kasingirima. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, wakapata shamba Kidahwe. Mhusika wake alimwita Nyange, jina ambalo kwao ni la ndege mweupe, yule yangeyange anayefuata ng'ombe. Nyange alikuwa binti mwenye mabawa, na alikuwa anamtafuta dada yake aliyepotelea nchi ya mbali. Nimekaa na wachezaji wengi, mwanangu, lakini sijaona mwingine kama huyo. Wengine wakiruka wanasema "naruka" basi, wamemaliza. Jeneroza akiruka alikuwa anafumba macho, anatuambia mashamba yanaonekanaje kutoka juu, moshi wa jiko gani unaelekea wapi, na kivuli chake kinavyopita juu ya paa za watu. Sisi tulioketi kwenye mkeka tulikuwa tunaona.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nilikuwa nimetunga bonde refu lenye daraja la kamba, na jitu linalolinda daraja. Nililifikiria jitu lile wiki nzima, hata sauti yake nilijizoeza nikioga. Tulipofika, Jeneroza akauliza kwa adabu kama upepo unaruhusu. Nikasema unaruhusu. Basi Nyange akashika mdomoni ncha ya kamba waliyokuja nayo, akavuka, akaifunga kwenye mwamba ng'ambo mbali na lile daraja, akawaita wenzake. Jitu langu halikuambulia hata salamu.

Meza ilishangilia. Hamisi peke yake alinuna, maana mhusika wake ni mtu wa panga na alikuja kupigana.

Kesho yake ndipo akaja kibarazani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mbona uso kama dagaa aliyenyeshewa?"

"Huyo Nyange wako, Mzee. Sisi tunakanyaga tope, yeye anapita juu kama mkaguzi. Ametufanya wapagazi wake. Mshushe kidogo, naye aonje miiba."

Nimekwambia nilivyomjibu. Na kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba nilifanya vile kwa ajili ya Hamisi. Si kweli. Hamisi alinipa kisingizio tu. Hasira ilikuwa yangu, kwa sababu ya jitu langu.

Mbalamwezi iliyofuata nilianza hila. Kila mahali nilipowapeleka palikuwa na dari: handaki, pango, msitu uliofungana. Penye uwazi niliweka dhoruba, na dhoruba ilipotulia niliweka wapiga mishale ambao, ajabu, walimwona Nyange peke yake. Jeneroza akacheza kwa miguu, akachomwa miiba, akacheka na wengine. Mara moja tu aliuliza, "Mzee, huko mbele kuna mahali penye anga?"

Nikamjibu, "Anga limefungwa, dada. Njoo utembee na sisi."

Hamisi akaangua kicheko. "Karibu duniani, Nyange! Viatu unavaa namba ngapi?"

Jeneroza akatabasamu, akaniambia, "Ndiyo, Mzee."

Hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi. Yule mwalimu wangu alinifundisha kwamba mchezaji asiporidhika atabisha, na mkibishana mtapatana. Kwao labda. Kwetu binti aliyelelewa vizuri habishani na mzee aliyemwamkia shikamoo akiingia. Nilisikia "Ndiyo, Mzee" nikadhani amekubali. Alikuwa ananiheshimu tu. Aliaga vizuri, akanishukuru, na mwezi ulipojaa tena hakuja.

Nikasubiri mwezi mwingine. Kisha nikapanda bodaboda mpaka kwao Kidahwe. Nilimkuta kwenye ukumbi wa nyumba ya mama yake, anasimulia yeye, na vijana wanne wamemzunguka. Binti mmoja kati yao, Shukuru, alikuwa na mhusika mwenye mabawa. Nikaomba kiti, nikatazama.

Wahusika walikuwa mbele ya ukuta wa mji. Shukuru akasema anaruka ukuta. Nikajiambia, sasa tuone. Jeneroza akapiga makofi. "Safi! Uko juu. Niambie wewe unaona nini." Hakumweleza yeye mwenyewe yaliyoko chini; alimwachia anga liwe lake. Yule binti akatunga soko, akatunga kisima, akatunga walinzi wamelala. Jeneroza akayakubali yote, kisha akawageukia waliobaki langoni: "Mlinzi mmoja ameamka, ameona kivuli kikipita. Anafungua lango atazame juu. Yuko mbele yenu hapa, shingo ameinua. Mnafanyaje?" Wote wakasema kwa pamoja. Baadaye Shukuru akataka kumbeba mwenzake. Jeneroza akamkumbusha walichokubaliana siku ya kwanza wote wakiwepo: mzigo ukizidi, mabawa yanachoka. Hakuna aliyenuna.

Mwanangu, nilitamani kupiga makofi mimi. Kuruka kwa mmoja kulikuwa kazi ya wote.

Walipotawanyika nikamwambia, "Jeneroza, rudi mezani. Anga nimelifungua."

"Mzee, mimi sikukukasirikia."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni kama baba. Ulisema limefungwa, nikajua limefungwa." Akanimiminia chai. "Na hawa sasa wananisubiri, Mzee. Siwezi kuwaacha."

Basi nakuusia hivi. Usimpe mtu mabawa kama moyo wako hautaki. Mwambie hapana siku ya kwanza, hatachukia. Ukishampa, ni yake. Uchovu, upepo, uzito, kuonekana na kila jicho, hayo yasemeni mapema mbele ya wote, yasije yakazuka siku ambayo umeumia wewe. Akiruka ukuta wako, furahi naye, kisha waulize waliobaki chini wanafanya nini, maana hao ndio waliokuwa wanakusubiri. Mwingine akija kukulalamikia faraghani, mwambie ayaseme mezani. Na vijana wako wakikujibu "ndiyo," usiridhike. Mfuate mtu akiwa peke yake, kwenye kazi yake, umuulize kama amefurahi, na umpe muda wa kukujibu.

Mungu akupe sauti ya kusimulia na masikio makubwa kuliko hiyo sauti. Akupe watu watakaorudi kila mwezi ukijaa, na akuepushe na kupenda vitu ulivyotunga kuliko watu uliowatungia.

Jeneroza hakurudi. Hamisi alicheza mara mbili tatu, akaacha, akisema hakuna wa kumtania, na wenzake wakamfuata. Kama Nyange alimpata dada yake sijui, na sitajua, kwa sababu mwisho ule tulipaswa kuutunga wawili. Nilimpoteza mchezaji bora niliyewahi kuketi naye, na tangu meza ilipovunjika sijasimulia tena.