Mwendo wa Saa Kumi na Moja

Wenzake wa malori walimwita Breki, kwa kuwa hakuwa mtu wa pupa. Hata baada ya kustaafu, umbali aliupima kwa lori: mahali fulani ni mwendo wa kutwa, pengine ni siku mbili na pancha moja.

Mkewe alipofariki, binti yao wa pekee, muuguzi katika nchi ya mbali, alifika matanga yameshaanuliwa. Breki hakumgombeza. Ila kila aliyekuja kumpa pole alielezwa kwamba ndege kutoka kule ni mwendo wa saa kumi na moja tu, na kwamba yeye, hata kwa lori bovu, angewahi. Binti aliyasikia, akarudi kazini. Tangu hapo simu zao zikawa za salamu na habari za mvua.

Mwaka uliofuata binti alijifungua, akamtumia baba yake tiketi.

Ndipo Breki alipotambua kuwa zile saa kumi na moja zilikuwa za ndege kubwa peke yake. Kabla yake kulikuwa na basi la usiku, ndege ndogo, kisha kutwa nzima ya kusubiri kwenye uwanja wa ugenini, juu ya viti vya chuma visivyolalika. Alipopanda ile kubwa, mgongo ulikuwa umeshakata tamaa.

Na usingizi haukuja. Angelalaje, na usukani kaushika mtu asiyemjua? Kila ndege ilipotikisika, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, hata mama wa kiti cha jirani akamuuliza kwa upole kama anataka kupita kwenda msalani. Kwenye kioo mbele yake, kindege cha kuchora kilitambaa juu ya jangwa kama sisimizi. Kilometa elfu tisa, kiliandika. Breki akazipigia hesabu ya lori, akaiachia njiani.

Alifika miguu imevimba, viatu havifungiki. Nyumbani binti alimletea beseni la maji ya moto, akachuchumaa kumkanda.

"Siku ile ya mama yako," Breki alisema, "ulipita njia hii hii?"

"Hii hii, baba. Ila ndege ya kwanza ilikuwa imejaa. Nililala uwanjani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

"Nisingekusikia," alisema. "Ni mbali, mwanangu. Nisamehe."

Binti aliendelea kumkanda, polepole zaidi, machozi yakimdondoka ndani ya beseni, na Breki akamwacha alie.

Baadaye mkwewe alimletea mjukuu, akamwekea mto chini ya kiwiko. Asubuhi binti alipojiandaa kwenda zamu, Breki alivaa kandambili za mkwewe, miguu bado mizito, akamsindikiza hadi kituo cha basi. Walitembea taratibu, wakizungumza habari za mama.