Ubeti wa Sitini na Moja

Huku visiwani kwetu kaskazini, kuanzia Novemba jua haliuvuki mlima wetu. Mpaka mwisho wa Januari kijiji kizima kinaishi kivulini, na kila mtu ana chake cha kumvusha. Mjomba wangu Hjálmar, mvuvi mstaafu, alikuwa na viwili: santuri zake za kinanda, na kitabu cha utenzi kilichoandikwa kwa mkono na babu yake. Aliweka santuri, akafungua kitabu magotini, akajikatia nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, na uso ukamng'aa kama wa mtu aliyekaa juani.

Kitabu hicho hakikuguswa na mwingine. Ndicho kilichomfanya kiongozi wa ngoma. Siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari, tunashikana mikono duara ukumbini, bila ala yoyote, miguu ikipiga mbao. Yeye anaimba beti mia moja na arobaini, sisi tunapokea kiitikio tu. Na kutia neno lako katika utenzi wa wazee ni aibu kubwa: aliyewahi kujaribu aliachwa katikati ya ukumbi akiimba peke yake.

Desemba hii aliniita.

"Rannvá mwanangu, mtoto wa jicho amenimaliza. Ninakilie hiki kitabu kabla sijafa."

"Ufe wewe? Nani atanisumbua?"

Nikafungua. Wino wa kahawia, mwandiko mzuri, beti sitini. Nikafunua ukurasa. Hakuna kitu. Nikafunua mwingine, na mwingine. Maji ya chumvi yalikuwa yameulamba wino wote, yameacha madoa.

"Mjomba, ubeti wa sitini na moja uko wapi?"

Santuri ilikuwa imeisha, sindano inakwaruza. Hakuiondoa.

"Andika tu. Nitakutajia."

"Utanitajia kutoka wapi?"

"Baba alikwenda nacho baharini. Kitabu kiliokotwa. Baba hakuokotwa." Akapapasa kikombe cha kahawa. "Hakuna mwingine aliyezijua beti zilizofutika. Nikajaza mwenyewe."

Beti themanini! Nimezikanyagia mbao tangu utotoni nikiamini nawakanyagia wahenga. Hata ule wa mjane anayechoma kitanda chake cha kufumia nguo ili mabaharia waione pwani, ambao Marjun wa dukani huulilia kila mwaka?

"Huo pia?"

"Huo hasa. Huyo ni mama yangu." Akanishika mkono, akaukaza. "Usiseme. Wakijua, nani atanishika mkono tena?"

Nikaandika siku tisa. Alitaja bila kusita hata mara moja.

Siku ya Mamajusi nilikuwa kushoto kwake katika duara. Beti sitini zilipita. Kiganja chake kikaloa jasho, changu pia. Niliwatazama wale watu wote wakiitikia kwa imani. Kisha ukaja ule wa mjane:

*Moto uwe jabalini,*
*uangaze baharini,*
*nanyi mlio gizani*
*rudini nyumbani sasa.*

Miguu ikatikisa madirisha. Utenzi ulipokwisha, Marjun akajipangusa macho kwa ncha ya shali.

"Hayo ndiyo ya wazee! Siku hizi nani ataweza kutunga hivyo? Wewe Hjálmar?"

"Mimi? Mimi najua kutoa matumbo ya samaki tu."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, lakini niliuona mdomo wake ukitetemeka, nikashindwa kucheka.

Kesho yake nilikwenda na nakala. Nikamsomea kuanzia mwanzo, santuri ikilia polepole. Baada ya ubeti wa sitini nikanyamaza.

"Mbona umesimama?"

"Hapa nimeandika jina, mjomba. Lako. Hakuna atakayekifungua kitabu hiki ukiwa hai, nakuapia."

Macho yale yasiyoona yakanitazama muda mrefu, nikajua nimemkosea. Nikanyoosha mkono kuchukua kisu cha nyama nikwangue wino.

"Umeandika kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

"Zikuze kidogo," akasema.