Pikipiki Iliyopanda Gari Kwenda Ukweni

Mjomba alipogonga pini ya mwisho kwa nyundo, akajifuta jasho na kusema, "Mpwa, hutaiendesha. Itapanda gari kama mtu," nilipaswa kukataa pale pale. Nilicheka, nikasema, "Sawa, mjomba."

Alichokuwa amekigongea pini ni keria ya kubebea pikipiki, aliyoiunda mwenyewe uani kwake mjini Shinyanga. Mjomba alikuwa amechomelea vyuma kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui karibu maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu mikono ilimwasha. Alichukua chaneli za chuma, akazichomelea zikawa mfereji wa kuwekea magurudumu, kisha akatia mkono mnene uliochomekwa kwenye ndoano ya kuvutia tela, nyuma ya Landrova yake kuukuu. Pikipiki ilikaa juu ya keria hiyo kimshazari, ikitokeza kidogo kila upande. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama ni kitanda cha mgonjwa, mjomba akamfukuza kwa kofia.

Pikipiki ilikuwa yangu, nyekundu, ya Kijapani. Nilikuwa karani wa kupima pamba, na nilikuwa nimeisubiri muda mrefu, maana siku hizo kitu kipya hukinunui kwa kuwa na hela tu. Unakinunua kwa kuwa na subira na kujuana na watu. Lakini sikuinunua niipande mimi. Nilikuwa nimechumbia binti wa Ushirombo, na baba yake, mkulima asiyependa maneno mengi, alikuwa amekubali kuipokea mahali pa ng'ombe kadhaa wa mahari. Wanawe wa kiume walikuwa wamemshawishi. Siku ya kuipeleka ndiyo ingekuwa siku ya kukubaliwa au kukataliwa. Ikipokelewa, nina mke. Isipopokelewa, nirudi kutafuta ng'ombe ambao sikuwa nao.

Binti mwenyewe tulijuana alipokuja Shinyanga kumsaidia dada yake aliyejifungua. Alikuwa anajua kushona, na alinishonea kola ya shati iliyochanika, akanirudishia shati akisema, "Bwana karani, unapima pamba ya watu vizuri, lakini yako unaiacha inatoka shingoni." Nilipendwa kwa dhihaka, nami nilipenda hivyo hivyo. Mara ya mwisho kuonana kabla ya safari aliniambia jambo moja tu: "Uje unaiendesha. Nitakuwa jikoni siruhusiwi kutoka, nataka nikusikie tangu mbali."

Nikamwahidi. Kisha mjomba, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, akaja na keria yake.

Sababu zake zilikuwa nzuri. Mafuta yalikuwa ya mgao. Kwa nini tuchome ya gari na ya pikipiki kwa safari moja? Halafu vumbi. Ilikuwa kiangazi, na barabara ya Kahama ilikuwa imesagika ikawa unga. "Utafika umekuwa mwekundu kama kichuguu," mjomba alisema. "Mkwe apelekewe kitu kinachong'aa." Nami nilikuwa kijana niliyesoma sekondari, nikipenda sana kung'aa.

Tuliifunga kwa kamba za ngozi mbichi ya ng'ombe, zile ambazo wakulima wetu hufungia nira na plau. Kamba za katani zilikuwa hazipatikani madukani, na mjomba alizidharau hata zilipopatikana. Ngozi inafungwa ikiwa na unyevu, ikikauka inajivuta yenyewe mpaka inaimba ukiipiga kwa kidole. Jua lilipopanda, mjomba alizipiga moja moja kama mpiga zeze. "Sasa hata shetani hawezi kuitikisa," alisema. "Ngozi isipate maji tu, italegea."

Niliyasikia maneno hayo. Sikukosa kusikia.

Tuliondoka tukiwa na furaha ya watu wanaokwenda harusini. Mjomba aliimba nyimbo za kulimia kwa Kisukuma, akikosea maneno kwa makusudi na kutia jina langu mahali pa jina la ng'ombe dume. Kahama tulisimama mtaa wa Nyahanga kunywa chai. Wanaume waliokuwa kibarazani walisahau vikombe vyao.

"Mzee, hiyo pikipiki inaumwa?"

"Haiumwi," mjomba alijibu. "Inakwenda ukweni."

"Miguu inayo, lakini?"

"Inayo miwili. Wewe unayo mingapi, na mbona umekaa?"

Kibaraza kizima kilicheka. Nilicheka kuliko wote, nikaagiza maandazi mengine. Natamani leo ningemsikiliza vizuri yule bwana.

Mahali ambapo Ushirombo haikuwa mbali tena, tulifika kwenye kijito kilichobaki na maji ya magotini. Mjomba alikuwa na rafiki wa Mwadui aliyejenga karibu na hapo, akaenda kumsalimia na kuomba maji ya kunywa. Nilibaki na gari. Nikazunguka nyuma kuitazama pikipiki yangu, na moyo ukaniuma: haikuonekana kuwa nyekundu wala kuwa pikipiki. Landrova ilikuwa imeirushia vumbi njia nzima, maana vumbi la gari hukaa nyuma ya gari. Jambo hilo mjomba hakulifikiria, wala mimi.

Basi nikachukua ndoo. Niliimwagia maji mpaka ikang'aa. Nilisugua matairi kwa majani. Kisha, ili isichafuke tena, nikalowesha magunia mawili matupu ya pamba na kuifunika gubigubi. Nilijiona mwerevu kweli. Zile kamba zilikuwa chini ya magunia, zinakunywa.

Mjomba alirudi amefurahi, akaingia moja kwa moja nyuma ya usukani.

"Kamba ziko sawa?"

"Ziko sawa, mjomba."

Sikuwa nimezigusa hata moja.

Tulipoingia vijiji vya karibu na ukweni, watu walianza kutupungia mikono kutoka mashambani. Wanawake walipiga kelele. "Umeona?" mjomba alisema. "Habari zimetutangulia." Akapiga honi, mimi nikatoa mkono dirishani nikapunga kama mkuu wa wilaya. Kadiri tulivyopunga ndivyo walivyozidi kupiga kelele, na kadiri walivyopiga kelele ndivyo mjomba alivyozidi kupiga honi. Mwishowe mtu mmoja alitufikia kwa baiskeli, anahema, akagonga ubavu wa gari.

"Wazee! Mzigo wenu unawafuata kwa tumbo!"

Kamba moja tu ilikuwa imebaki. Pikipiki ilikuwa imetoka kwenye keria na kuburuzwa kwa ubavu. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka, kioo cha pembeni kimekatika, usukani umepinda, na tangi limebonyea kishimo cha kutosha kuwekea yai. Mjomba alishika kipande cha ngozi kilichobaki, akakikamua. Maji yakadondoka. Akanitazama, akaguna. Tuliipandisha tena, tukaifunga kwa mikanda yetu ya suruali na kitambaa cha kufutia vioo, kwa kuwa ilikuwa imekataa kuwaka. Tulifika ukweni tumeshika suruali kwa mkono.

Sasa, ng'ombe wa mahari hukaguliwa. Wazee wa upande wa binti humzunguka mmoja mmoja, hutazama macho, pembe, kwato na meno, na kila kasoro hutamkwa kwa sauti. Upande wa mwoaji hujibu. Ni mchezo wa maneno, nusu yake matusi, na kila mtu anajua kwamba anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Ng'ombe akikataliwa, unajibu mzaha kwa mzaha, unaahidi mwingine, mnakula, mambo yanaendelea. Nilikuwa nimeuona mchezo huo tangu utotoni.

Mkaguzi wao alikuwa shangazi wa binti, mama mmoja mwembamba mwenye kanga ya njano na ulimi wa kisu. Alipokea shikamoo zetu, akaizunguka pikipiki polepole.

"Jicho hana," alisema.

"Analo, mama, analifumba kwa heshima," mjomba akajibu.

"Pembe imekatika."

"Alikuwa anapigana na madume wa Kahama waliotaka kumzuia asije kwako."

Watu walianza kucheka, hata baba mkwe. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Shangazi aliinama akachungulia chini, akainuka.

"Lakini baba, niambie. Kwetu ng'ombe wa mahari anakuja kwa miguu yake. Huyu kaja amebebwa. Ng'ombe anayebebwa kwenu mnamwitaje?"

"Mgonjwa!" wakaitikia vijana kwa pamoja, uwanja ukalipuka.

Mjomba alikuwa ameshafungua kinywa. Baadaye aliniambia jibu alilokuwa nalo: kwamba ng'ombe wa kawaida hutembea, ila bwana mkubwa hupanda gari. Lingetosha. Lakini mimi nilikuwa nimesimama na suruali mkononi, vumbi mpaka kwenye kope, baada ya kubeba pikipiki mwendo wote huo ili nisiwe na vumbi. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Kama hamuitaki semeni tuondoke. Shinyanga wasichana hawajaisha."

Kicheko kilikatika. Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, nilisikia kitu cha bati kikiwekwa chini taratibu.

Baba mkwe aliinuka kwenye kigoda. "Tumekusikia," alisema. Hakuwa na hasira. Akamgeukia mjomba. "Bwana, kuna maji ya kunawa pale. Mkishanawa, safari njema."

Mjomba alirudi mwezi uliofuata kuomba msamaha kwa niaba yangu, na mwezi mwingine tena. Mara ya pili shangazi ndiye aliyemjibu, kwa upole: "Sisi tungemsamehe siku ile ile. Binti mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisikia lile neno kwa masikio yake, akiwa jikoni." Mwaka haukuisha binti akaolewa na mwalimu.

Pikipiki niliitengeneza, nikaipanda miaka mingi. Keria mjomba aliikata akatengenezea geti. Nami nilioa, nikapata watoto, na mama yao sina la kumlaumu; naandika haya huku akinisikia nikikohoa chumba cha pili.

Lakini naujua uzito wa lile "Sawa, mjomba." Ningeiendesha kama nilivyoahidi, ningefika mwekundu kama kichuguu, shangazi angenicheka mpaka jioni, na pikipiki ingekuwa imekuja kwa miguu yake. Yeye angekuwa jikoni ananisikia tangu mbali. Nilimpoteza mwanamke niliyemtaka kuliko mwanamke yeyote, na nilimpoteza kwa kutaka kufika safi.