Mkono wa Mama

Chuoni mjini nafundisha saikolojia. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba watu wasiojali maumivu ya wenzao si wa aina moja. Wapo wa moto: wameumizwa utotoni, wamejaa hofu na hasira, wanaumiza kisha wanajuta. Na wapo wa baridi: hawaogopi, hawajuti, mapigo ya moyo hayabadiliki, na adabu wanayo tele. Wanafunzi wanaandika. Mimi nimezaliwa katikati ya ndugu wawili wa namna hiyo, na bado nilikosea.

Baba alipofariki kule Mgeta, mtani wetu mmoja alivaa koti la marehemu akaiga kikohozi chake, kama watani wafanyavyo msibani. Kaka yangu, ambaye baba alimchapa utoto wake wote, alimrukia akamvunja jino. Baadaye nilimkuta nyuma ya banda la mbuzi, analia na kujing'ata vidole. Mdogo wetu wa kiume yeye alicheka na watu, akamsaidia mtani kufunga vifungo. Wajomba wakaamua kaka ahame, mama abaki na huyu mpole. Waliponiuliza mimi msomi wao, niliafiki.

Mwaka huu nilipanda mlimani kumwona mama, nikamkuta amebaki mifupa mitupu. Mkongojo wake sikuuona.

"Shikamoo dada. Niliuchoma, asije akaangukia huko bondeni," mdogo wangu alisema huku akinimiminia chai.

"Na dawa zake za presha?"

"Zilikuwa zinamsumbua tumbo."

Alisema kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba mvua imekatika. Mama alimtazama yeye kwanza, ndipo akaniomba maji. Nilitaka kupiga mayowe.

Nikampigia kaka, siku hizi anaishi Mkuyuni: njoo tumchukue mama, atatufia huyu. Alifika kesho yake macho mekundu, akang'oa kwa teke mlango ambao ulikuwa wazi. Majirani wakamdaka. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, akaja na mgambo, akamwinamia mama.

"Bibi, nani hapa anakutisha?"

Mama alikuwa anatetemeka. Akamnyooshea kaka kidole.

"Huyo. Huyu mwenzake hajawahi hata kunipandishia sauti."

Kaka akakaa chini, na mgambo wakamteremsha bila taabu. Nilijaribu kuwaeleza majirani yale ninayofundisha. Wakaniangalia kama mchochezi. Nilipiga magoti mbele ya mama nikamsihi twende mjini, akasema hataki, huku macho yake yakiwa kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alimbeba mpaka barabarani waje kuniaga. Nikapanda lori la mboga, na lilipoondoka niligeuka nyuma. Kichwa cha mama kilikuwa kimelala begani kwake, hakinitazami. Yeye alikuwa ameushika mkono wa mama kwenye kiwiko, ananipungia nao.