Msumeno wa Shangazi Subilaga

Mbao mbichi ya paini ikikatwa kwa mashine, harufu yake haifanani na ile ya msumeno wa mkono. Ya mkono ni harufu ya ubaridi, ya utomvu na mvua. Ya mashine ina moto ndani yake, kama mkate ulioanza kuungua upande mmoja. Nikiinusa, popote nilipo, macho yangu hushuka chini kabla sijamtazama fundi. Nautafuta waya. Mume wangu aliwahi kunicheka tulipokuwa tukipita mbele ya karakana moja mjini Mbeya, akaniuliza nimedondosha nini. Sikumjibu pale pale, maana jibu lake ni refu, na ndilo hili ninalowasimulia.

Baba yangu, Ambokile, alikuwa seremala. Tuliishi pembezoni mwa Tukuyu, upande wa njia iendayo Kisondela, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo sisi tulikula maranda, tukalala maranda, na Mama alidai hata kande zake zilikuwa na maranda. Baba alikata kila kitu kwa mkono. Alikuwa na msemo wake kwamba mbao haina haraka, mwenye haraka ni mteja. Umeme tulikuwa nao, tena si wa siku nyingi: balbu mbili na soketi moja ukutani, ambayo Baba aliitumia kwa redio tu.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni na chumvi tu yalianza kujaa vitu ambavyo hatukujua hata majina yake, na watu waliokuwa wamepotelea nchi za watu walianza kurudi na mizigo. Ndivyo alivyorudi Shangazi Subilaga, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa ameishi Kitwe, Zambia, kwa mumewe aliyekuwa fundi samani huko, na sasa alirudi mjane. Sisi tulitegemea vitenge. Alishuka na sanduku la mbao, na ndani yake, umeviringishiwa blanketi, kulikuwa na msumeno wa umeme wa mviringo, meno yake yanang'aa, na pembeni yake ekstensheni ndefu ya rangi ya chungwa iliyokunjwa vizuri kama kamba ya ng'ombe wa mahari.

Baba alidhani kaletewa zawadi. Akaushika, akaugeuza, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, dada." Shangazi akauchukua taratibu kutoka mikononi mwake na kumwambia kwamba msumeno ni wake, na atakayeutumia ni yeye.

Juma lililofuata alivaa ovaroli ya bluu ya marehemu mumewe, akafunga kilemba akakikaza, akavaa buti za mpira, akaanza kazi. Watu walikuja kumtazama kama wanavyokwenda kutazama ajali. Kina mama wa kwaya walipita njia yetu hata siku ambazo hazikuwa za mazoezi. Mmoja alimuuliza Mama kama wifi yake anaumwa. Lakini Shangazi alipasua kwa asubuhi moja mbao ambazo Baba angezipasua kwa siku nne, na kingo zake zilikuwa zimenyooka kuliko mstari wa penseli.

Alikuwa na masharti mengi. Ekstensheni ifunguliwe yote kabla ya kuiwasha, maana ikiachwa imekunjwa inapata moto. Isipite kwenye maji wala chini ya mlango. Ikichubuka haifungwi mpira wa baiskeli, inatafutwa nyingine. Mtu asiguse meno ya msumeno kabla hajachomoa plagi, hata kama mashine imenyamaza. Baba aliyasikiliza masharti hayo akiwa ametazama dirishani. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mji, na sasa dada yake alikuwa akimwambia pa kuweka miguu ndani ya karakana yake mwenyewe. Msumeno ni msumeno, alisema.

Mimi ndiye niliyesikiliza. Nilikuwa na miaka kumi, na Shangazi alinifundisha jinsi mchungaji anavyofundisha katekisimu, kwa swali na jibu. Tukiwa tunamenya ndizi jikoni angeuliza ghafla, "Tusekile, ukiona mtu kanaswa na umeme?"

"Simgusi."

"Hata kama ni nani?"

"Hata kama ni nani. Nazima ukutani, nachomoa plagi."

Niliyajibu hayo mpaka Mama akachoka kuyasikia. Kusema kweli niliyaona kama mchezo wa wimbo, nikishindania kujibu kabla swali halijaisha.

Mwaka ule Wakristo wa Lupepo walikuwa wamemaliza kuezeka kanisa lao, wakataka mabenchi na milango kabla ya Pasaka. Baba na Shangazi waliipokea kazi kwa pamoja. Majuma mawili kabla ya sikukuu, goti la Shangazi likavimba, akaenda kutibiwa hospitali ya Igogwe na kulala kwa rafiki yake wa ujana siku tatu. Kabla ya kuondoka alisema neno moja tu: msumeno usiguswe mpaka arudi.

Mvua ilikuwa ya kwetu ile, ya Tukuyu, isiyonyesha kwa fujo lakini haikumbuki kuacha. Baba alivumilia siku moja. Siku ya pili alitazama rundo la mbao, akatazama sanduku, akalifungua. Mbao za milango zilikuwa ndefu, hazikuweza kugeuzwa mle chumbani, kwa hiyo akahamishia kazi kibarazani. Ekstensheni ilifika mlangoni ikakoma. Baba akatafuta kipande cha waya wa zamani, akauunga na ule wa chungwa, akafunga kiungo kwa mpira wa tairi la baiskeli, akausokota vizuri, maana mikono yake haikujua kufanya kitu ovyo. Kisha akanitazama. "Hili si la kumwambia shangazi yako," akasema. Nikaitikia. Nilijua kanuni zote kwa moyo, na sikusema hata moja. Nilifurahi kuwa na siri na baba yangu.

Siku hiyo yote haikutokea kitu. Jambo hilo ndilo lililonitisha zaidi nilipokuwa mtu mzima, kwamba siku nzima haikutokea kitu. Baba alikuwa akipiga mluzi.

Siku ya tatu, alasiri, kiungo kilikuwa kimeteleza kutoka kibarazani na kulala kwenye majani yaliyolowa. Baba alisimamisha mashine akashuka kuuvuta waya usogee. Alikuwa pekupeku. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la mahindi ya kuchemsha niliyokuwa nampelekea. Nilimwona ameinama, na nikasubiri ainuke. Hakuinuka. Mkono wake ulikuwa umekaza kwenye waya na mwili wote ukitetemeka kwa namna ndogo, ya haraka, na kinywa chake kilikuwa wazi bila sauti. Sinia likaanguka. Ninachokumbuka ni kwamba sikufikiria kanuni hata moja. Alikuwa baba yangu, nami nikaruka kwenda kumshika.

"Usimguse."

Sauti ilitoka njiani. Shangazi alikuwa amesimama penye kona ya mgomba, mwavuli mkononi, kifurushi kichwani. Hakupiga ukelele. Aliisema kwa sauti ile ile ya jikoni, kama anayeuliza swali lake, na pengine ndiyo sababu miguu yangu ilisimama.

"Tusekile. Ukutani."

Niligeuka. Kutoka pale mpaka kwenye soketi zilikuwa hatua sita au saba, nami nilizikimbia nikiteleza juu ya maranda. Nikabonyeza swichi, nikachomoa plagi, nikabaki nimeishika kifuani kwa mikono miwili. Niliporudi nje Baba alikuwa amelala chali kwenye majani, mvua ikimnyeshea usoni, na Shangazi amepiga magoti kando yake na lile goti bovu, sikio lake kifuani kwa Baba. Nilihesabu moyoni bila kujua nahesabu nini. Kisha Baba akakohoa.

Jirani mmoja mwenye pikapu aliwapeleka hospitali. Walimweka chini ya uangalizi mpaka kesho yake, wakamfunga bandeji kiganjani, wakasema moyo wake uko salama. Alirudi nyumbani. Sote tulingoja Shangazi amgombeze, Mama hata alikuwa amekwisha kupanga maneno ya kuwasuluhisha. Hakumgombeza. Tulipokuwa tunakunywa chai alisema tu habari ambayo hakuwa amewahi kutuambia. Sisi tulijua mumewe alifia kazini. Hatukujua kwamba mwanafunzi wake alinaswa na waya uliofungwa mpira, na mumewe, kwa huruma, akamshika ili amvute.

"Tulizika wawili siku moja," alisema. "Msumeno haukuwa na kosa. Ndiyo maana sikuutupa."

Baba alitazama kiganja chake chenye bandeji. Halafu akasema, kwa Kinyakyusa kwanza na kisha kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka sote tushuhudie, "Dada, nifundishe tangu mwanzo."

Na akafundishwa. Fundi wa mji alikaa kwenye kigoda ndani ya karakana yake, mkono umefungwa, akijibu maswali na majibu kama mimi, na alipokosea mimi nilicheka na yeye akacheka pia. Waya ule wa kuunga aliukata vipande vipande mwenyewe. Mabenchi ya Lupepo yalikwenda Jumamosi Kuu, na siku ya Pasaka familia yetu yote tuliyakalia. Miaka iliyofuata wasichana wawili wa Kisondela walikuja kujifunza ufundi kwa Shangazi, na Baba ndiye aliyekuwa akiwauliza yale maswali. Aliuliza kwa ukali kuliko hata Shangazi mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikimsifu Shangazi kwa utulivu wake. Nilimwona kama jiwe la mtoni: ndugu yake anakufa mbele ya macho yake, naye anasimama wima na kutoa amri mbili. Nilidhani alinituma mimi kwa sababu nilikuwa karibu na mlango. Nikiwa nimeshaolewa, siku moja tukichambua maharage, nilimwambia hivyo. Akaacha kuchambua.

"Mwanangu, mimi sikusimama kwa ushujaa," alisema. "Miguu ilikataa. Nilipomwona Ambokile pale chini sikuwa Tukuyu tena, nilikuwa Kitwe. Kilichobaki kwangu kilikuwa sauti, na sikujua kama nawe unaisikia."

Niliisikia, nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake. Nami ndipo nilipoelewa kwa nini alinirudishia maswali yale mara mia, asubuhi na jioni, kwa mtoto wa miaka kumi aliyedhani ni wimbo. Alijua kwamba siku ikija huenda yeye mwenyewe asiweze, na alitaka awepo mtu atakayeweza.