Tinti Nyeusi na Maji ya Kisima

Mjomba aliniachia pikapu yake Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Chanika ya Handeni, akasema ataifuata jioni. Ilikuwa ile miaka biashara zimefunguliwa, magari yaliyotumika ng'ambo yanafika hadi kwetu, na kila mwenye gari anataka lake lisifanane na la mwenzake. Yeye alitaka taa za nyuma ziwe nyeusi, kama alivyoona stendi ya Korogwe. Zikitoka vizuri angenipa kibaraza cha duka lake, niwe nabandika tinti pale, ile karatasi nyeusi ya vioo vya magari. Zikiharibika, ningerudi Kwedizinga kulima mahindi.

Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nikienda Korogwe nasimama nyuma ya fundi mmoja, najifanya nasubiri usafiri, kumbe naangalia mikono yake. Unaosha taa, unanyunyiza maji ya sabuni, unatandaza karatasi ya tinti, unakamua maji yatoke, kisha unapasha moto pembe ili karatasi ilale. Yeye alikuwa na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Mimi nilikuwa na pasi ya mkaa ya mama, ambayo ukiisogeza karibu inakudondoshea majivu palepale usipotaka.

Hata hivyo taa ya kulia ilikubali. Niliikamua kwa kipande cha kandambili hadi ikawa laini, nikarudi nyuma kuitazama. Jua lilipoikausha, chini ya karatasi yakatokea madoa meupe, madogo kama punje za ulezi. Nikasema ni vumbi. Nikabandua, nikamwagia uwanja maji, nikafukuza kuku, nikavua shati lisiangushe nyuzi. Nikabandika upya. Madoa yakarudi.

Mimi ni mtu wa kushindwa kula kitu kikienda upande. Mama aliniletea ugali, ukapoa. Mtu mwingine angesema madoa hayo hayaonekani ukiwa mbali. Mimi nilikuwa siyaoni mahindi wala kibaraza, nayaona yale madoa tu.

Nilipojifuta mdomo kwa mkono uliolowa ndipo nikaonja chumvi. Maji ya kisima chetu. Tunayaogea, tunayafulia, tumezoea ukoga mweupe ndani ya ndoo hadi hatuuoni tena. Fundi wa Korogwe alitumia maji ya bomba, na katika yote niliyomwibia kwa macho, sikuwahi kufikiria maji yake.

Maji matamu nyumbani yalikuwa ya mvua, kwenye pipa, ya kunywa na ya chai. Kiangazi kilikuwa kimeshakolea.

"Mama, naomba jagi moja la maji ya pipa."

"Una kiu?"

"Ya gari."

"Mbuzi wangu wanakunywa ya lambo, yenye matope. Gari la kaka yangu linywe ya mvua?"

"Ni jagi tu, mama."

"Basi lipikie na chai kabisa."

Lakini alinichotea mwenyewe, akasimama pembeni kuhakikisha simwagi. Kwa maji yale nilibandika upya taa zote mbili, nikapasha pembe kwa pasi, na zikakauka bila doa. Nilizunguka gari nikitafuta kosa. Sikulipata, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Mjomba alikuja mapema, jua bado kali. Akapitisha kiganja kwenye taa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mpwa wangu, hii imetoka na gari kiwandani." Akaingia ndani. "Simama nyuma, nikanyage breki."

Nikasimama. Nikasubiri.

"Zinawaka?"

"Kanyaga, mjomba."

"Nimekanyaga kitambo."

Nikainama hadi pua ikakaribia taa. Kwa mbali sana, ndani ya weusi, palikuwa na wekundu kama kaa linalozimika. Mjomba akashuka, akanikalisha mimi kwenye usukani, akaenda nyuma kujionea.

"Na vumbi la njia ya Korogwe?" aliuliza. "Basi la abiria litanipanda mgongoni, dereva aseme hakuniona, na atakuwa mkweli. Toa."

Karatasi haikutoka. Nilikuwa nimeikamua na kuipasha moto vizuri mno. Kila pembe niliyoichokoa kwa kucha ilikatika kipande kama ukucha wenyewe. Nikachukua wembe. Mjomba alikaa kwenye kigoda akinitazama ninavyokwangua kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na mama akapita na chai yake.

"Imegoma kweli," mjomba alisema hatimaye. "Basi kubandika unajua. Kibaraza chukua. Ila vioo tu. Taa za watu usiguse."

Nilisema asante, mjomba, bila kuinua uso. Wembe ulikuwa umeacha mkwaruzo kwenye taa ya kushoto, mwembamba kama unywele, nami nilikuwa nausugua kwa dawa ya meno. Akawasha gari, bado nasugua. Ilibidi apige honi ndipo nikatoa mkono.