Pini Zilizoshinda Tupa

Mwandawiro wa Chawia hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkewe, Wakio, alizoea kusema kwamba ukitaka habari kutoka kwake, heri uiulize nyundo. Lakini mapema mwaka wa 1924, mbele ya hakimu pale Voi, Mwandawiro alisema maneno manne kwa fahari ya fundi aliyeulizwa juu ya kazi yake, na kwa maneno hayo manne mtu mwingine akafungwa miezi sita. Alisema, "Pini yangu haivunjiki hivihivi."

Wala hakusema uongo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, maana mwongo angalau anajua ana la kutubia.

Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake vilevile. Huko mlimani walichekecha mchanga mweusi wa vijito, wakauchoma kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi siku nzima, wakapata donge la chuma la kufua majembe. Jembe likiisha kufuliwa lilizamishwa mtungini likiwa bado jekundu, likalia chwaa, likatoka limepoa, mwenyewe akaenda zake nalo. Maji yalikuwa ya kupoza tu. Hakuna aliyeona jembe la Chawia limevunjika. Liligonga jiwe likapinda, likarudishwa, likanyoshwa, maisha yakaendelea.

Kisha yakaja majembe ya meli kwenye maduka ya Voi, bei rahisi, na wahunzi wa mlimani wakabaki kuziba matundu ya sufuria. Vita vya Wajerumani vilipokwisha Mwandawiro alimwacha Wakio na shamba lao, akashuka tambarare, akaandikwa kazi katika shamba moja la katani nje ya Voi. Hapo palikuwa na reli ndogo ya kubebea majani ya katani hadi mashineni. Troli zilivutwa na ng'ombe, mbilimbili, ya mbele na ya nyuma zikiunganishwa kwa pini nene kama kidole gumba. Pini za zamani zilikuwa za chuma laini, kila wiki zinapinda. Meneja akanunua gofu la lori la vita lililoachwa Maktau, akamwamuru Mwandawiro afue pini kumi na mbili kutokana na springi zake.

Chuma cha springi kilikuwa chuma cha pua, na Mwandawiro alikuwa hajapata kukifua. Alikipenda papo hapo. Kilikuwa kikaidi chini ya nyundo, na Mwandawiro mwenyewe alikuwa mkaidi, basi wakaelewana. Kila pini ilipomalizika aliitumbukiza katika pipa la maji ikiwa nyekundu, kama baba yake, kama babu yake. Ilipopoa aliijaribu kwa tupa, na tupa ikateleza bila kuacha hata mkwaruzo. Aliwaita watu waone. Fundi yeyote angewaita. Sifa ni tamu, na mlimani alikuwa hajasifiwa siku nyingi.

Wiki ya tatu, pini moja ilikatika.

Ilikatika kwenye mwinuko wa korongo, ng'ombe wakivuta kupanda. Troli ya nyuma ilirudi chini imejaa majani mabichi, ikampata Danson, mtu wa Makwasinyi, aliyekuwa akisukuma kwa mabega. Alikufa kabla hawajamtoa. Nyapara wa troli zile alikuwa Bwanaheri, Mwislamu wa Voi ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu wa swala tano na sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mafungu yanayopakiwa. Troli ikipita thelathini na sita ni makosa. Bwanaheri aliapa kwamba alipakia thelathini na sita.

Meneja alisema haiwezekani. Pini ngumu namna ile haiwezi kukatika kwa mzigo halali. Lazima nyapara alizidisha ili amalize mapema. Hakimu akataka kusikia kwa mfuaji mwenyewe. Mwandawiro akasimama, akaeleza habari ya tupa, kisha akasema yale maneno yake manne. Bwanaheri alimtazama bila chuki yoyote, kama mtu anayemsikiliza mganga akimtajia ugonjwa wake. Akapelekwa jela ya pwani.

Mvua za masika zilipokaribia, mashine ya katani ikaharibika, na fundi Kalasinga mmoja mzee akaletwa kuitengeneza. Alihitaji tindo ya kukatia misumari minene. Mwandawiro akamfulia moja kwa kipande cha springi kilichosalia, akaizamisha majini, akamkabidhi kwa heshima. Pigo la kwanza, ncha ya tindo iliruka ikapita karibu na sikio la Kalasinga.

Mzee yule hakukasirika. Aliiokota ncha, akaigeuza kwenye mwanga, akamwonyesha pale ilipokatikia. Palimeta punje nyeupe, kama chumvi ya mawe.

"Wewe natia maji, basi?" aliuliza.

"Ndiyo. Ndivyo tunavyofanya."

"Chuma ya baba yako laini, hapana makaa ndani. Maji hapana dhuru yeye. Hii napikwa sana na makaa, makaa naingia ndani. Ukitia maji moto moto, nakuwa gumu sana, tupa nashindwa. Lakini moyo yake nakuwa kama chupa. Gumu si imara, fundi. Lazima rudisha kwa moto kidogo."

Akamwonyesha. Aliisugua tindo mpya upande mmoja kwa mchanga mpaka ikang'aa, akailaza juu ya bamba la moto, akamwambia atazame rangi. Ikaja manjano ya nyasi kavu, ikaja kahawia, nyuma yake zambarau, mwisho buluu. Tindo, alisema, iishie kahawia. Springi iende mpaka buluu, na kila kitu kinachovutwa na kutikiswa vilevile. Hapo ugumu unapungua kidogo na chuma kinajifunza kuvumilia.

Mwandawiro aliuliza kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake, "Hata pini ya troli?"

"Pini? Pini zaidi ya yote," alisema Kalasinga, akaendelea na kazi yake.

Basi alijua. Tangu saa ile hakuwa na pa kujificha. Tupa aliyoisifu mbele ya hakimu ndiyo iliyokuwa shahidi wa kosa, naye aliisoma kinyume. Na pini kumi na moja za aina ileile zilikuwa bado zinavuta troli.

Alianza na hizo, tumpe haki yake. Kwa siku nne alipita mchana kutwa na kopo la mafuta, akisingizia kulainisha magurudumu, akachomoa pini zake mojamoja na kuzirudisha motoni mpaka buluu. Tisa alizirekebisha hivyo. Mbili alizibadilisha kwa mpya, akaficha zile za zamani chini ya makaa. Alipomaliza alijiambia hakuna atakayekufa tena. Alijiambia pia kwamba kesho atakwenda kusema habari ya Bwanaheri.

Kesho ile ilikuwa na miguu mizito. Siku moja meneja amekwenda Mombasa. Siku nyingine yupo lakini ana hasira. Halafu mvua zikanyesha, na nani asemaye mambo makubwa kwenye mvua? Nachukia kumwandika hivi, maana alikuwa mtu mwema, lakini mwoga hatafuti sababu, sababu humjia zenyewe. Aliogopa jela. Aliogopa kurudi Chawia bila kazi. Zaidi ya yote aliogopa kusikia mtu akisema kwa sauti kwamba yeye, mwana wa wahunzi, hakujua chuma.

Badala ya kusema, akatenda wema. Bi Salme, mke wa Bwanaheri, alikuwa akiuza viazi na mihogo langoni mwa shamba ili watoto wale. Mwandawiro alimzibia sufuria bure. Akamtengenezea jiko, bawaba za mlango, kisu. Kila mara Salme alimwambia, "Mungu akulipe, fundi. Wengine wote wametukimbia." Naye akaitikia amina, akaondoka upesi.

Watu wana macho. Mhunzi asiyecheka na mtu, kila jioni kwa mke wa mfungwa, huo si uhunzi, walisema. Maneno yakapanda mlima bila kupumzika njiani, yakafika Chawia, na siku chache baada ya Idd, Wakio akashuka na kikapu chake. Alimkuta mumewe kwenye fuawe.

"Nimesikia umekuwa mkarimu," alisema. "Mimi nyumbani jembe langu halina mpini mwaka wa pili."

"Si hivyo unavyodhani."

"Basi niambie nidhani vipi."

Mwandawiro akaweka nyundo chini akamweleza yote: springi, maji, tupa, hakimu, Kalasinga, pini. Yalimtoka kwa mpangilio mzuri, kwa kuwa alikuwa ameyarudia moyoni wiki nyingi. Wakio alisikiliza amesimama. Mumewe alipomaliza, mama huyo alikaa juu ya gogo.

"Heri ungekuwa unamtongoza," alisema. "Hilo ningejua pa kulipeleka."

Kisha akaendelea, "Mficha uchi hazai, baba nanii. Nenda sasa hivi. Ukingoja mimi niondoke, hutakwenda."

Alikwenda. Alibeba zile pini mbili za zamani na moja ya buluu, akaomba meneja atoke nje aone. Aliweka pini ya zamani baina ya mawe mawili, akaipiga nyundo mara moja, nayo ikakatika vipande viwili vyenye punje nyeupe. Aliiweka ya buluu. Aliipiga mara tano, ikapinda kama fimbo mbichi, haikukatika. Kisha akasema mzigo haukuwa na kosa, kosa lilikuwa mkono wake.

Meneja alitazama vile vipande kwa muda. Akamtukana, akamfuta kazi palepale, lakini barua ya kueleza hayo kwa boma aliiandika, na hilo ni lake. Watu wa boma wakaamua kwamba mhunzi hakukusudia, wakamwacha. Bwanaheri akafunguliwa ikiwa imesalia miezi miwili na siku kidogo ya kifungo chake.

Mwandawiro alimwendea siku ya pili ya kurudi kwake, saa za alasiri. Wakio alitaka kufuatana naye, akakataa. Bwanaheri alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia, lakini aliinuka kwenye jamvi akampa mkono na kumkaribisha. Salme akaleta kahawa.

"Nimeambiwa ni wewe uliyesema," alianza Bwanaheri. "Ahsante, fundi. Si kila mtu angejitia kitanzi kwa ajili ya mwenziwe."

Mwandawiro alishika kikombe asinywe. Hapo ndipo alipoona kwamba wanaweza kuishia hapa, wakaagana vizuri, na hakuna atakayejua.

"Ulijua lini?" aliuliza Bwanaheri, kama mtu anayeendeleza mazungumzo tu.

Juzi, angeweza kusema. Wiki iliyopita. Kalasinga alikwisha kwenda zake Nairobi, nani angebisha?

"Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama," alisema.

Salme, aliyekuwa akimimina, alisimamisha mkono. Bwanaheri aliinamisha kichwa, na aliposema hakuinua sauti.

"Mwanzoni nilikuwa na hakika," alisema. "Thelathini na sita. Nilikuwa nikiyahesabu mafungu yale kila siku mle jela, na kila siku yalikuwa thelathini na sita. Lakini hakimu kasema nilizidisha, na wewe ni fundi, watu wote wajua hujui kusema uongo. Nikaona labda mimi ndiye niliyekosea. Nikaanza kuwaona watu wakipakia mengine. Thelathini na manane. Arubaini. Ramadhani nzima nilifunga, fundi, na kila magharibi kabla ya kufungua nilimwomba Mungu anisamehe damu ya Danson."

Mwandawiro alitaka kusema amsamehe. Alikiweka kikombe jamvini.

"Sasa mwaniambia sikuua," alisema Bwanaheri. "Alhamdulillahi. Lakini arubaini nimekwisha kuyaona kwa macho yangu. Nikilala nayaona, nikiamka nayaona, mpaka leo. Hayo niambie, wewe uliyeniwekea, nitayatoaje?"